Tupeane uzoefu: mitihani ya uwezo na ya haiba katika kuomba kazi

Binti wa Mchanga
Asalaam aleikum. Jana mdogo wangu aliletewa karatasi ya maumbo, yale ya safu tatu ambamo la mwisho huachwa wazi, nami nikakumbuka usaili wangu wa mradi mmoja wa kilimo, uliofanyika Unguja. Maumbo hayakunitisha. Kilichonitoa jasho ni sehemu ya ufahamu, ambayo ilihusu karafuu: aya fupi juu ya kuanika na kusafirisha, na chini yake kauli ambazo kila moja ulitakiwa useme kuwa ni kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana. Kauli mojawapo ilisema kwamba karafuu huchumwa kabla ua halijachanua. Mimi nimekulia chini ya mikarafuu, nimekesha jamvini nikichambua karafuu na makonyo, na kila mtoto wa Pemba anajua kwamba ua likishachanua thamani yake imekwisha. Lakini aya haikugusa kabisa wakati wa kuchuma. Saa inakwenda, msimamizi anapita kati ya meza, nami nimeshika kalamu, nikijua kuwa jambo lenyewe ni kweli na kwamba jibu linalotakiwa ni kuwa haiwezi kujulikana. Nikaliandika hilo linalotakiwa, na hadi leo naona kama nilimkana babu yangu. Wenzangu, nyinyi yaliwakuta yepi?

Mzee wa Chake
Kwa hiyo mtu hufaulu kwa kuikataa elimu yake? Ningeandika kuwa ni kweli, na wao wakaamua wapendavyo.

Maalim wa Kwerekwe
Ungekosa alama, mzee wangu. Kinachopimwa pale ni kama unaweza kutenganisha lililoandikwa na ulilokuja nalo kichwani, na katika kazi za afisini hilo lina maana yake. Maumbo nayo si mageni: John Raven wa Uingereza aliyachapisha mwaka 1938, yakikusudiwa kumpima mtu bila kutegemea sana lugha wala masomo ya skuli.

Mzee wa Chake
Bila kutegemea skuli, ilhali aliyeyazoea huyamaliza na asiyewahi kuyaona hubaki akiyakodolea macho. Hiyo ni haki gani?

Bi Paje
Mimi yalinishinda ya haiba. Waliuliza kama napendelea kubaki nyumbani kuliko kwenda kwenye shughuli ya watu wengi. Hapa kwetu nani huulizwa anapendelea nini? Harusi unakwenda, khitma unakwenda, na usipokwenda, siku yako hawaji. Nikajibu kwamba nakubali kiasi, na kurasa mbili mbele nikalikuta swali lile lile limegeuzwa.

Mwana Wete
Kweli kabisa, nami nilikutana na hayo ya kugeuzwa.

Kijana wa Ng'ambo
Hamjaona kitu. Jirani yetu aliomba kazi ya uhasibu katika hoteli moja ya kaskazini, akatumiwa mtihani wa namba aufanye nyumbani kwa kompyuta. Akamwita binamu yake, ambaye husomesha hesabu, akaufanya wote huku mwenyewe akimmiminia chai. Alama zikawa za ajabu, na mama yake akapika pilau. Siku ya usaili akaketishwa chumbani peke yake na kupewa mtihani mfupi wa namna ile ile, wa kuthibitisha tu, chini ya uangalizi. Jedwali la kwanza lilimtaka atafute asilimia ya ongezeko la wageni. Akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akatokea mlango wa jikoni, akapanda daladala, na vyeti vyake halisi akaviacha mezani.

Mwana Wete
Vyeti vilirudi?

Kijana wa Ng'ambo
Alivifuata binamu.

Bi Paje
Nacheka peke yangu humu ndani ya gari. Huyo binamu hawakumpa kazi?

Maalim wa Kwerekwe
Mnachekea udanganyifu.

Mwana Wete
Maalim, anayecheka hajaiba. Ushauri wangu kwa ya haiba ni kwamba ujibu kama mfanyakazi wanayemtaka.

Maalim wa Kwerekwe
Usifanye hivyo. Kauli kama "sijawahi kusema uongo maishani" hupandwa makusudi ili kumnasa anayejipamba. Na lile dodoso linalowagawa watu katika aina 16 za haiba, lililotungwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers huko Marekani, wachapishaji wake wenyewe wanasema lisitumiwe kuchuja waombaji kazi. Katika mitihani ya uwezo, soma maelekezo: wakiwa wanakata alama kwa kosa, usibahatishe, kama hawakati, usiache hata swali moja wazi.

Bi Paje
Mimi hubahatisha kote.

Mzee wa Chake
Yaani niandike kwa mkono wangu kwamba nimewahi kusema uongo, kisha niombe kazi ya kushika fedha?

Maalim wa Kwerekwe
Ndiyo, mzee wangu, uandike.