Kuhama ualimu wa sayansi kwenda shahada ya uuguzi: pointi 6 zinatosha?

Tingatinga_Dom aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu. Nipo mwaka wa kwanza, shahada ya ualimu wa sayansi. Nimeshasajiliwa na nina mkopo wa HESLB. Nataka kuhamia shahada ya uuguzi chuo kingine kabla semesta haijaenda mbali. Form six nilisoma PCB: Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C. Mwenzangu wa chumba naye anataka hivyo hivyo, yeye ana Fizikia E, Kemia C, Baiolojia D. Wote tuna pointi 6.

Je, tunaruhusiwa? Tuanzie chuo gani, hiki tulichopo au kile tunakokwenda? Masomo tuliyokwisha kusoma yatahesabiwa? Na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) litatufuata?

Mama_Wodi:

Mdogo wangu, mwenzako anapita, wewe hupiti. Pointi zenu ni sawa, ila mpangilio ndio unaowatenganisha.

Fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ule wa waliomaliza kidato cha sita, utafute mstari wa uuguzi wa chuo unachokitaka. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni utakuta principal pass tatu (ufaulu wa A hadi E kwenye masomo ya tahasusi), jumla isiyopungua pointi 6, halafu ndani yake: Kemia angalau C, Baiolojia angalau D, na Fizikia angalau E. Baadhi ya vyuo hupokea Hisabati ya juu au Lishe badala ya Fizikia. Sasa piga hesabu: C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hizo pointi 6 zimetokana na mpangilio huo, hazisimami peke yake. Wewe C unayo, lakini imekaa kwenye Baiolojia.

Watu wengi husoma "pointi 6" na kuishia hapo, wakaambulia kukataliwa bila kuelewa kosa liko wapi. Wa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) ndio huumia zaidi: mtu ana pointi 9 lakini Jiografia haisimami mahali pa Fizikia.

Usijifariji pia kwamba ukifaulu sana semesta ya kwanza utabebwa. Anayehama hupimwa kwa vigezo vile vile vya anayeingia mwaka wa kwanza, kwa hiyo A ya chuo haizibi D ya form six.

Kalamu_ya_Udahili:

Naongeza upande wa taratibu, kwa ajili ya huyo mwenye Kemia C.

Uhamisho una dirisha lake. TCU hulitangaza baada ya udahili kufungwa na wanafunzi kusajiliwa, na dirisha lenyewe ni fupi. Tarehe zinatafutwa kwenye almanaka ya TCU ya mwaka husika. Za mwaka jana alizokuambia kaka mkubwa wa hosteli achana nazo.

Anzia chuo unakokwenda. Swali la kwanza kwao ni moja tu: nafasi ipo? Kila programu ina idadi iliyoidhinishwa, na uuguzi haupanuliwi kwa kuongeza viti darasani, kwa sababu wanafunzi lazima wagawanywe wodini, wawe na wakufunzi wa kuwasimamia na wagonjwa wa kutosha kujifunzia. Nafasi hupatikana pale waliochaguliwa wasiporipoti. Kwa hiyo wiki ambayo usajili unafungwa ndiyo wiki ya kugonga mlango wa ofisi ya udahili. Ukienda mapema watakuambia wamejaa, ukichelewa utakuta wenzako wamewahi.

Wakisema ipo, andika barua ya kuomba. Barua fupi inatosha, ila iwe na haya: jina kama lilivyo kwenye cheti, namba ya mtihani ya kidato cha nne kwa ukamilifu wake (mfano wa umbo: S0000/0000/2019), namba ya kidato cha sita, namba ya usajili ya chuo ulichopo, jina na msimbo wa programu unayotoka, jina na msimbo wa unayokwenda. Misimbo imo kwenye mwongozo. Ambatisha matokeo ya form four na form six, cheti cha kuzaliwa, barua ya udahili na uthibitisho kwamba umesajiliwa. Kisha chuo chako cha sasa kiridhie kukuachia, na chuo kinachokupokea ndicho kinachopeleka jina TCU kwa uidhinisho.

Mambo mawili huharibu hapa. La kwanza ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha form four kinasema vingine, faili linalala. Hilo hurekebishwa kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na haiishi kwa siku mbili. La pili, mtu anaaga chuo cha kwanza siku aliyopeleka barua. Usifanye hivyo. Endelea kuingia darasani na kufanya majaribio mpaka jina litoke kwenye orodha ya walioidhinishwa. Ukikataliwa huku umeshakosa majaribio mawili, umepoteza pande zote.

Na atakayekuambia "nitumie hela kwenye simu nikupenyeze", mpite. Ada halali ya chuo hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, siyo kwa namba ya simu ya mtu.

Nusu_Krediti:

Kuhusu masomo kuhesabiwa: kwa mfumo wetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo uuguzi wa miaka minne ni takriban 480. Ukitoka ualimu wa sayansi, kinachoweza kufanana ni stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo, pengine kompyuta. Botania na mbinu za kufundisha hazina pa kukaa. Na hata kemia yako ya chuo si baiokemia ya mwili wa binadamu. Atakayetaka kuombea krediti aombe silabasi ya kila somo yenye muhuri wa idara, maana transkripti peke yake haionyeshi mlisoma nini.

Kwa vitendo, wekeni akilini kwamba mnaanza mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza. Misingi ya uuguzi (kupima mapigo, shinikizo la damu, kutandika kitanda chenye mgonjwa, kuosha mikono kwa hatua) hutangulia kwenda wodini. Aliyekosa wiki nne za mwanzo anakwenda kwa mgonjwa hajui kushika kifaa. Ndiyo maana vyuo vya afya huwa vikali kwa wanaochelewa.

Kalamu_ya_Udahili:

Bumu: mkopo haukufuati wenyewe kama kivuli. Jina likishaidhinishwa, nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na wa unachoingia, wote wawili, na barua ya uhamisho mkononi. Usisaini malipo ya chuo ulichokwisha kuhama. Ada iliyolipwa kule kwa semesta hii iulize uhasibu kwa maandishi, usidhani itahamishwa. Jiandae pia kukaa wiki kadhaa bila bumu wakati taarifa zinahamia.

Tingatinga_Dom:

Nimewaelewa, shukrani. Mwenzangu kesho anaandika barua. Kwangu basi nirudie Kemia, au niende diploma ya uuguzi kisha nipandie huko?

Mama_Wodi:

Piga hesabu ya miaka. Diploma ni miaka 3. Ukitaka kuitumia kuingia shahada, vyuo vingi vinataka diploma ya uuguzi yenye wastani wa B, yaani GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa D za form four kwenye Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Unaomba pia AVN, namba ya kuthibitisha diploma yako, kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi), ambayo haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo. Kisha shahada miaka 4, na utarajali mwaka 1. Jumla 8. Faida yake ni kwamba baada ya ile mitatu, ukifaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, una leseni na unaweza kufanya kazi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kina shahada ya wauguzi wenye diploma na leseni, wanaosoma huku wakiendelea na kazi.

Kurudia Kemia: unasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Mei, matokeo kwa kawaida yanatoka Julai, unaomba dirisha lile lile. Mwaka 1, kisha 4, kisha 1. Jumla 6. Kwa mwenye C ya Baiolojia tayari, mimi ningekwenda huku.

Ila angalia. Usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani) hufanyika mwaka unaotangulia mtihani, na namba ya kujisajilia unaichukua kwenye kituo. Chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa sababu Kemia ina karatasi ya vitendo: usipokuwa na mkono wa kushika bureti na kusoma rangi inapogeuka, nadharia peke yake haikufikishi C. Kabla hujalipa chochote, kiulize chuo unachokitaka kama kinapokea matokeo ya mikao miwili (mitihani ya miaka tofauti), na wakati wa kuomba jaza namba zote mbili za kidato cha sita. Ukificha moja, mfumo utaibua mgongano.

Ualimu usiuache kimya kimya. Andika barua rasmi ya kuahirisha au kujitoa, upewe majibu. Jina likibaki hai kule, maombi mapya yatakukwamisha, kwani namba yako ya form four ni ile ile popote uendapo.

Sindano_na_Pamba:

Kabla ya kwenda wodini, huyo mwenzako wa chumba aanze chanjo ya homa ya ini B wiki hii. Ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Apime kwanza kabla ya kuchanjwa, na kadi aitunze pamoja na vyeti.