Reli za milimani: Darjeeling, Nilgiri au Bernina?

MpendaReli: Wakuu, nina nafasi ya safari moja tu. Nimebakiwa na reli tatu zilizomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Darjeeling na Nilgiri za India, na Bernina inayotoka Uswisi kushukia Italia. Mandhari nayapenda, ila injini ya mvuke ndiyo inayoninyima usingizi. Mliopanda, nisaidieni.

Behewa_la_Mbele: Kama ni mvuke, nenda Nilgiri. Ni kilomita 46 kutoka Mettupalayam hadi Ooty, na mpaka Coonoor injini ya mvuke ndiyo inayofanya kazi. Haivuti, inasukuma kutoka nyuma. Katikati ya njia kuna reli ya meno, na gurudumu lenye meno chini ya injini linang'ata humo, kwa sababu kuna mahali mlima unapanda mita 1 kwa kila mita 12. Mbele kabisa, kwenye kibaraza cha behewa, anasimama mtu wa breki na bendera zake. Dereva yuko nyuma, haoni njia. Huyo ndiye macho yake. Mimi sikuchoka kumtazama.

Mama Stesheni: Mwenzangu kasema kweli, lakini Darjeeling usiipuuze. Ilifunguliwa 1881, upana wa njia ni milimita 610 tu, na haina meno hata kidogo. Hupanda kwa kuzunguka, na penye ukuta wa mlima hurudi kinyumenyume kisha ikasonga tena. Kwenye injini ya mvuke kuna watu wanaokaa mbele, wanamwaga mchanga kwa mkono juu ya reli ili magurudumu yasiteleze. Treni inapita karibu na maduka kiasi kwamba mkono unaurudisha ndani. Tahadhari moja: safari ndefu kutoka New Jalpaiguri huvutwa na dizeli. Mvuke utaupata kwenye safari fupi ya Darjeeling kwenda Ghum na kurudi.

Theluji: Bernina ni ya umeme, kwa hiyo moshi hakuna. Ila kwa mandhari sijaona mfano: unatoka Ospizio Bernina, mita 2,253, kwenye barafu, unashuka hadi Tirano, mita 429. Pale Brusio treni inazunguka juu ya daraja la mawe na kupita chini yake yenyewe. Panda treni ya kawaida, njia ni ileile, na baadhi ya mabehewa yana madirisha ya kufungua. Vioo vikubwa vya treni ya watalii huharibu picha.

MpendaReli: Basi Nilgiri. Kupanda au kushuka?

Behewa_la_Mbele: Kupanda, ndugu yangu. Ni polepole zaidi, na injini unaisikia ikihangaika. Treni huondoka asubuhi mapema na viti hujaa haraka, kata tiketi mapema. Oktoba hadi Desemba mvua huangusha udongo njiani, safari zikasitishwa.