Tupeane uzoefu: waini nyeupe na misosi ya huku kwetu Nyanda za Juu

Wakuu, habari za baridi. Nipo Mbeya mjini. Nimekulia nyumba ya bia na soda, waini niliyoijua ni ile nyekundu tamu ya kwenye kipaimara. Mwaka jana mgeni akaniletea chupa ya Chenin Blanc ya Dodoma. Nikaifungua na mbalaga, zile ndizi za kupika, ya nyama. Wapi! Mchuzi uliifunika, nikawa kama nakunywa maji ya ndimu. Nikaizibia kwenye friji.

Kesho yake shemeji akapanda na samaki, mbasa wa Ziwa Nyasa, kutoka Matema. Nikampaka chumvi na ndimu tu, nikamweka jikoni mpaka ngozi ikaanza kupasuka na mafuta yakidondokea mkaa. Nikakumbuka ile nusu chupa. Mafuta ya samaki yanatanda ulimini, unapiga funda moja la baridi, ulimi unasafika, unamrudia samaki kama ndiyo kwanza unaanza. Tulikaa mpaka saa nne tukichambua miiba, na mbasa ana miiba kwelikweli.

Nani mwingine kajaribu, na msosi gani? Wa kunihubiria, naomba nimalize chupa kwanza.

*Binti Kihesa:*
Kamwene. Mimi ni kitimoto. Nilikaririshwa kwamba nyama lazima waini nyekundu, kumbe kitimoto rosti na cha kukaanga ni vitu viwili. Cha kukaanga, chenye mafuta yake na ndimu pembeni, kinaitaka nyeupe isiyo na sukari. Nilitumia Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini, ina harufu ya majani mabichi na pesheni kwa mbali. Ila pilipili kichaa weka mbali, pombe inaichochea mdomo unawaka.

*Mtoto wa Uyole:*
Yangu ni ya aibu. Wageni wako njiani, chupa ya moto, nikaitupa friza. Mechi ikaanza, wageni wakapata dharura, nikalala. Asubuhi kizibo kimesukumwa nje, barafu imetapakaa, sambusa za biashara za wife zote zinanuka waini. Wiki nzima nilikula sambusa hizo peke yangu (na hazikuwa mbaya).

*Mleta mada:*
Pole mkuu 😂 Mwezi wa sita na wa saba huku friza ya nini? Iache dirishani jioni. Nyuzi 8 mpaka 10 zinatosha, ikizidi kuganda husikii harufu yoyote.

*Mzee wa Makambako:*
Vijana mnahangaika. Masika mimi nateremsha mbeta, kile chombo cha mwanzi, asubuhi umande haujakauka, namimina mtogwa, yaani ulanzi (pombe ya mianzi) mbichi: mweupe, mtamu, uchachu kidogo. Hindi la kuchoma mkono wa pili. Hiyo Chenin yenu inanishinda nini?

*Mleta mada:*
Shikamoo mzee. Mtogwa nauheshimu, ila ukichelewa mpaka jioni umeshachacha na kuwa mkangafu mkali, hapo wewe nyumbani unarudishwa. Na ule utamu kwa samaki wa chumvi mimi unanikataa. Chenin asili yake ni Ufaransa, bonde la Loire, lakini Dodoma imekubali, na kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Masika yakiisha wewe unakunywa nini?

*Mzee wa Makambako:*
Marahaba. Chai.

*Dada wa Tukuyu:*
Hakuna aliyetaja parachichi jamani, na tunayaokota chini ya miti? Kata liloiva, chumvi, ndimu, kitunguu chembamba kilichooshwa kwa chumvi kisiwe kikali. Kachumbari ya siki nilijaribu, waini ikageuka kama imeharibika, ndimu ndiyo inaelewana nayo. Nikiwa na usipa, dagaa wa Kyela, wa kukaanga juu yake, wanangu wanapata juisi na mimi napata glasi yangu moja nimalizie kusahihisha madaftari.

*Mtoto wa Uyole:*
Dada, huo usipa unaukaanga na unga au mkavu hivyohivyo?

*Dada wa Tukuyu:*
Mkavu. Suuza upesi, anika nusu saa, mafuta yawe ya moto sana. Ukiweka unga unanyonya mafuta.

*Mleta mada:*
Jumamosi nashuka Kyela. Anayetaka mbasa aseme mapema, nina kideli kimoja tu.