MREJESHO: Kompyuta sasa inaongea tangu mwanzo, na menyu ya GRUB inanijulisha

Ndugu zangu, niliuliza jinsi mimi nisiyeona ninavyoweza kujua menyu ya GRUB (programu inayoanzisha Linux na kukupa nafasi ya kuchagua mfumo kompyuta inapowashwa) imefika, na kwa nini sauti ilikuwa haisikiki mpaka mtu anisaidie kuingia. Nimefanikiwa, asanteni sana.

Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nahariri faili la /boot/grub/grub.cfg moja kwa moja, na kila kerneli (kiini cha Linux) mpya ilipoingia, kazi yote ilifutika. Mahali pake ni /etc/default/grub. Humo nimeweka:

GRUB_TIMEOUT=10
GRUB_INIT_TUNE="480 440 1"
GRUB_CMDLINE_LINUX="speakup.synth=soft"

Kisha nikaendesha sudo update-grub ili mabadiliko yaingie. Mstari wa kwanza ni sekunde za kusubiri kwenye menyu, na wa tatu unaiambia speakup, kisoma-skrini kilicho ndani ya kerneli, itumie sauti ya programu. Katika mstari wa pili, ule wa mlio, 480 ni kasi, 440 ni kimo cha sauti kwa hezi, na 1 ni muda wake. GRUB yenyewe haisemi maneno, hupiga mlio tu, kwa hiyo nimehesabu mishale: chini mara moja ni chaguo za ziada, mara mbili ni mfumo wa pili. Ukigusa kitufe chochote, saa ya kuhesabu husimama, hivyo huna haja ya kukimbizana nayo.

Kwa maneno yenyewe nimesakinisha espeakup, programu inayoipa speakup sauti, na kuiweka ijiwashe yenyewe kwa systemctl enable. Ujumbe wa mwanzo kabisa wa kerneli bado hausomwi, maana espeakup huamka baadaye kidogo. Ila pale pa kuandika jina na nywila sasa nasomewa, na jana niliingia peke yangu kwa mara ya kwanza. Nimefurahi mno.