Wakuu, ligi ya mabinti tuiite jina gani? Wamegoma na Jumamosi tunafungua

Katibu wa Kata: Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya michezo ya kata moja hapa Dodoma mjini. Mwaka huu tuna ligi mbili: Ligi ya Kata, na Ligi ya Kata ya Wanawake. Mabinti wamelikataa jina. Wanasema kama yao ina "ya Wanawake", basi na ile nyingine iandikwe "ya Wanaume". Ubishi ulianzia kwenye kikao, siku ambayo mvua ilitutawanya, na mpaka leo hatujaelewana. Silali. Naomba majina, natanguliza shukrani.

Zabibu Chungu: Waite Queens yaishe. Kuna Simba Queens, JKT Queens, na hapa hapa kwetu Fountain Gate Princess. Linakaa vizuri hata kwenye jezi.

Binti Kondoa: Zabibu, mbona sijawahi kusikia Simba Kings? Nimecheza mpira Kondoa kabla sijaolewa. Mechi yetu ilikuwa inawekwa saa nane mchana, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye meno. Mtangazaji anatuita "utangulizi". Ikifika saa kumi jua limepoa, anashika kipaza sauti: "Sasa ndugu watazamaji, mpira unaanza!" Sisi tulikuwa tunacheza nini muda wote ule? Miaka imepita, lakini lile neno bado linanichoma.

Mwalimu wa Makole: Katibu, hili lina historia. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inahesabu mwanzo wake 1946, wakati haina mwenzake wa kutofautishwa naye. WNBA ya wanawake ilipoanza kucheza 1997, yeye mgeni ndiye akabandikwa herufi. Lakini majina hubadilishwa. Ufaransa ligi yao ya juu ya wanawake ilikuwa Division 1 Féminine. Mwaka 2024 ikawa Première Ligue, neno la jinsia likatoka. Wimbledon, kwenye tenisi Uingereza, wanaandika kote kuwili, mabwana na mabibi. Na nyumbani tuna Twiga Stars. Nani anawaita "Taifa Stars ya Wanawake"? Wana jina lao. Zawadi zenu zikoje?

Katibu wa Kata: Ahsante Mwalimu, hilo la Twiga nimelipenda. Zawadi siyo mada yangu.

Mwalimu wa Makole: Nimeuliza makusudi. Wimbledon walikuwa na majina pande zote miaka mingi, ila zawadi zililingana 2007. US Open, tenisi ya Marekani, walishalinganisha tangu 1973. Jibu, mkuu.

Katibu wa Kata: Haya. Wanaume ng'ombe na seti ya jezi. Wanawake mbuzi. Aliyepanga ni mdhamini, mimi nimeandika tu. Halafu timu za wanaume ni kumi na mbili, za mabinti nne. Na mabango yameshachapwa, kwa hela yangu ya mfukoni. Mnataka niyachane?

Zabibu Chungu: Hahaha, malkia wa mbuzi! Nafuta ushauri wangu.

Mfugaji Nzuguni: Kijana wangu, mimi nafuga. Ukienda kuposa na mbuzi mmoja mahali panapotakiwa ng'ombe, hakuna atakayekuuliza umemwita binti jina gani. Wameshakuelewa.

Upepo wa Iyumbu: Wakuu mnamwaga busara kwenye chai. Leo ni Agosti. Mvua gani imetawanya kikao Dodoma? Tangu Mei hapa hatujaona hata tone. Mleta uzi yuko Dar, anatunga.

Katibu wa Kata: Siyo chai. Kikao kilikuwa Machi.

Upepo wa Iyumbu: Machi! Na mabango umechapa lini?

Katibu wa Kata: Julai.

Binti Kondoa: Kaka, walikwambia Machi, ukachapa Julai jina lile lile walilolikataa?

Katibu wa Kata: Nilidhani watachoka. Dada, niseme tu yote. Nahodha wao ni mdogo wangu wa tumbo moja, anaishi kwangu. Tangu mabango yaletwe hanisemeshi. Ananiandalia chakula, anafunika, anaenda kukaa nje. Mpira wake wa kwanza nilimnunulia mimi.

Upepo wa Iyumbu: Nimefuta neno chai. Samahani, mkuu.

Mwalimu wa Makole: Usichane kitu. Nenda kwa aliyekuchapia, akutolee vipande vya "ya Wanaume" vya kubandika kwenye mabango ya ile ligi nyingine. Ni kazi ya asubuhi moja. Mdhamini ndiye mzito, mpigie usiku huu kabla ng'ombe hajanunuliwa. Hela ile ile inaweza kutoa mbuzi kadhaa kila upande.

Binti Kondoa: Na ratiba je? Mabinti wanacheza saa ngapi?

Katibu wa Kata: Saa nane.

Binti Kondoa: Kaka.

Katibu wa Kata: Nimeona, dada. Napiga simu sasa hivi.