Kulala kwenye mahema Mlima Hanang mwezi Julai: baridi, maji na jiko la mkaa

Mlezi wa Vijana, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninalea kikundi cha vijana 12 hapa Dodoma, wenye umri wa miaka 17 hadi 22, na tumekusudia kulala siku mbili katika hifadhi ya msitu ya Mlima Hanang wiki ya pili ya Julai. Safari yenyewe hainitii shaka, kwa kuwa lami sasa inatufikisha Kondoa na Babati bila taabu. Wasiwasi wangu ni huko juu, mahali ambapo hakuna kibanda, bomba wala duka, na kila tutakachohitaji ni lazima tukipande nacho.

Mwaka jana tulijaribu usiku mmoja tu kwenye vilima vya Kondoa. Kila mmoja alikuwa na blanketi mbili, lakini kufikia saa kumi alfajiri hakuna aliyekuwa na usingizi, na kulipopambazuka tulikuta mahema yamelowa kwa ndani ilhali mvua haikunyesha. Je, mahema yetu yanavuja? Na huko Hanang, ambako ni juu zaidi, tutarajie baridi ya kiasi gani? Baadhi ya vijana wanapendekeza tuingize jiko la mkaa hemani kwa nusu saa kabla ya kulala, kisha tulitoe. Ninaomba ushauri wa waliokwisha kulala mlimani.

Mwenyeji wa Katesh

Karibu sana kwetu, Mlezi. Mahema yenu hayavuji. Maji mliyoyakuta ni pumzi zenu wenyewe: watu wanne wakilala usiku kucha katika hema lililofungwa kila upande, mvuke wa pumzi hupanda, hukutana na kitambaa kilichopoa, nao hugeuka matone yanayowarudia kwenye blanketi. Watu wengi hufunga kila tundu wakidhani wanazuia baridi, kumbe wanajilowesha, na blanketi yenye unyevu haimfai mtu. Acheni dirisha la juu wazi hata kama upepo unavuma, na kazeni kamba vizuri ili turubai la nje lisigusane na kitambaa cha ndani.

Kuhusu baridi, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Dodoma mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, na alfajiri za Julai huko kwenu hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mkilala kwenye mita 2,500, jiandaeni kwa nyuzi 4 au 5, na upepo utaifanya baridi hiyo ionekane kali zaidi. Msiweke mahema bondeni mkidhani mtajikinga, kwa sababu usiku usio na mawingu hewa baridi huteremka na kutuama huko huko.

Hata hivyo, baridi iliyowaamsha Kondoa naamini ilitoka chini. Blanketi unayoilalia hubanwa na uzito wa mwili, nayo ikishabanwa haibaki na hewa ya kuhifadhi joto, hivyo ardhi hukunyonya joto hadi asubuhi. Tandikeni maboksi makavu yaliyokunjuliwa, juu yake godoro jembamba la sponji, kisha kila mtu aikunje blanketi moja ailalie na kujifunika ya pili. Msikate majani wala matawi ya kutandika, kwa kuwa ile ni hifadhi. Majaketi mazito na kofia za sufi mtazipata kwenye mitumba hapo hapo Dodoma kwa bei nafuu.

Maji ndiyo mzigo wenyewe. Katika njia ya kupandia mlima ya Jorodom msitegemee kupata maji huko juu. Kwa watu 13, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, siku mbili zinadai lita 104, yaani zaidi ya madumu matano ya lita 20, na kila dumu ni kilo 20 begani mwa mtu kwenye mteremko mkali. Kodini wapagazi pamoja na mwongozaji wa hapa, na muulize mapema ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuhusu vibali, mahali panaporuhusiwa kulala na taratibu za moto, kwa maana Julai nyasi zimekauka na cheche moja inatosha kuunguza mlima.

Jambo la mwisho ninalisema kwa uzito. Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, na tukazika watu zaidi ya 80. Julai mnakuja wakati salama, lakini hata wakati huo msisimike hema kwenye korongo, hata likiwa kavu na sawa kama sakafu.

Muuguzi, Singida

Mlezi, ninakuomba jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika tano. Mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi ndio unaowadanganya watu, kwa sababu wanadhani hatari imekwisha, wakati ndio unaoendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huhisi kichwa kizito, hulegea, hupitiwa na usingizi, na aliyelala haamki kujinusuru. Kulitoa jiko baada ya nusu saa hakusaidii, kwa kuwa sumu imeshaingia mwilini. Jiko la gesi nalo libaki nje.

Badala yake, chemsheni maji, myatie kwenye chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, muivike soksi na kuiweka miguuni. Kuleni vizuri kabla ya kulala, na kila mmoja abadilishe nguo zilizolowa jasho.

Ninaongeza jambo ambalo hukuliuliza. Kuanzia mita 2,500 hivi wapo watakaoumwa kichwa na kichefuchefu kutokana na mwinuko. Hali ikizidi, dawa ni kushuka bila kusubiri asubuhi. Na kama yupo mwenye selimundu, asipande kabla ya kumwona daktari wake, maana upungufu wa oksijeni pamoja na baridi na kukosa maji ya kutosha vinaweza kumletea maumivu makali na hata kuhatarisha maisha yake.

Mpishi wa Safari, Kondoa

Maharage yachemsheni nyumbani kabisa. Kwenye mita 2,500 maji huchemka yakiwa na nyuzi 92 hivi, na maharage mabichi yatawamalizia gesi na maji kabla hayajaiva. Dengu zilizoparazwa, viazi na dagaa hazisumbui.

Mlezi wa Vijana, Dodoma

Nawashukuru sana. Muuguzi, binti mmoja kati ya vijana hawa ana selimundu, nami sikuwa nimewaza kabisa kuwa mwinuko unamhusu. Nimezungumza na mama yake jioni hii, na atampeleka kliniki kabla ya mwisho wa mwezi. Kama daktari hataridhia, atabaki Katesh na mlezi mwenzangu. Jiko la mkaa nimelifuta kwenye orodha, na vijana nimewasomea maelezo yako neno kwa neno. Mwenyeji, je, maboksi tuyabebe kutoka Dodoma?

Mwenyeji wa Katesh

Hapana, Mlezi. Muulizeni mwongozaji wenu awatafutie kwenye maduka ya jumla ya hapa mjini siku moja kabla, ila mje na mifuko mikubwa ya nailoni ya kuyafungia yasilowe umande, na mkimaliza mshuke nayo yote.