Prosesa ya viini nane kwenye boksi, hasara kwenye meza yangu

Wakubwa, nauza simu hapa Birere, Goma, na leo nimekasirika kwelikweli. Wiki jana nilichukua simu 12 kwa muuzaji wa jumla. Boksi linasema kwa herufi kubwa: viini nane, yaani sehemu nane za kufanya kazi ndani ya prosesa, ubongo wa simu. Nikauza saba kwa maneno hayo. Nne zimesharudi!

Mama mmoja wa kuuza vitenge alinisimamia mbele ya wateja. Akafungua WhatsApp, akagusa pa kuandika, kibodi haiji. Tukahesabu sekunde pamoja. Kibodi ilitokea kwenye ya sita. "Papa, si ulisema iko na viini nane?" Nilikosa la kujibu, nikamrudishia pesa yake yote.

Nikaweka CPU-Z, app ya kuonyesha prosesa, kwenye moja iliyobaki. Viini vyote vinane ni aina ya Cortex-A53! Huo ni usanifu ambao ARM, kampuni ya kubuni viini, waliutangaza mwaka 2012. A53 inatekeleza amri kwa foleni: moja ikikwama kungoja data itoke kwenye kumbukumbu, zote za nyuma zinasimama nayo. Kiini cha Cortex-A75 hakingoji hivyo, kinaruka ile iliyokwama na kufanya zilizo tayari. Chukueni chipu za Helio G85 au Unisoc T606: A75 mbili za kazi nzito, A55 sita za kazi ndogondogo za kutunza batri. Hesabu ni nane vilevile, na boksi linaandika maneno yaleyale! Mteja atatofautisha kwa macho gani?

Wanaotengeneza wanajua wanachofanya. A53 ni ndogo, inakula nafasi kidogo kwenye silikoni, basi kurundika nane ni bei rahisi, na namba inauza. Apple mwaka 2013 waliweka viini viwili tu kwenye chipu ya A7 ya iPhone 5s, nguvu wakaitia ndani ya kila kimoja. Hata mtoto wa hapa Goma anajua chukudu nane, zile baiskeli za mbao za kusukuma, hazibebi mzigo wa Fuso.

Muuzaji wa jumla nimemrudia jana. Amekataa. Eti boksi halikudanganya, viini ni nane kweli. Kwa hiyo simu tisa ziko kabatini, pesa yangu imelala humo, na kodi ya meza inaingia mwisho wa mwezi.

Kuna mtu hapa, Goma au hata Bukavu, anayemjua muuzaji wa jumla anayeandika jina la chipu kwenye fakture (ankara) kabla ya kupokea dola? Nijibuni leo, kesho naenda kununua tena.